Mabaki ya Ndege ya Ros

Lori lilirudisha ndege siku ya Jumanne asubuhi, imefunikwa turubai na kukazwa kwa kamba. Mervyn Tregear alikuwa ameshafungua milango ya banda tangu alfajiri. Alikuwa amefagia sakafu, akapanga magogo ya kuiegeshea, halafu akafagia tena, kama mtu anayetarajia wageni wa heshima. Dereva alipovuta turubai, alivua kofia bila kuambiwa. Kilichobaki kilikuwa mkia, karibu mzima, nusu ya bawa la kulia, injini iliyopinda, na lundo la mabati yaliyokunjamana, ambayo mtu asiyejua asingeweza kuotea kwamba katikati yake aliwahi kukaa mtu.

“Nikuwekee wapi, mzee?”

“Pale ilipokuwa,” Merv alisema. “Iweke pale pale.”

Mkewe, Glenys, alitazama kutoka dirisha la jikoni, ng'ambo ya ua. Lori lilipogeuza kuondoka, alivuta pazia.

Pale Murrawee, mji mdogo wa wakulima wa ngano, kila mtu aliifahamu ndege hiyo. Ilikuwa Kittyhawk, ndege ya kivita ya rubani mmoja, na ilianguka New Guinea wakati wa vita na Wajapani. Ikalala kinamasini miaka na miaka, rubani wake akiwa ndani, kijana wa Queensland ambaye hata ndevu zilikuwa hazijamkolea. Jeshi likaja likaichukua mifupa na kuizika kwa heshima. Chuma kikabaki kwenye matope mpaka Merv aliposikia habari zake, akakileta nyumbani vipande vipande, wakati Ros, binti yake wa pekee, akiwa bado shule ya msingi.

Merv alikuwa fundi wa ndege za kunyunyizia dawa mashambani. Mchana alitengeneza ndege za watu. Jioni na Jumapili aliingia bandani kwake, na Ros nyuma yake. Kupiga ribiti, vile vipini vya chuma vinavyoshikanisha mabati, ni kazi ya watu wawili. Mmoja anapiga kwa nje, mwingine anakandamiza chuma kizito kwa ndani, bati liko katikati na hamwonani. Mnaongea kwa kugonga. Kugonga mara moja ni kusema imekaa vizuri. Mara mbili, rudia. Ros ndiye aliyekuwa mdogo kiasi cha kuenea mkiani, kwa hiyo sehemu kubwa ya utoto wake ilipita ndani ya tumbo la ndege ile, akigonga. Siku nyingine aligonga mfululizo bila mpango.

“Hiyo maana yake nini?” baba yake aliuliza.

“Maana yake njaa inaniuma, Baba!”

Alipokuwa mtu mzima akawa rubani wa hizo hizo ndege za dawa. Na Kittyhawk ilipokamilika, imepakwa rangi, injini inanguruma mpaka madirisha ya jirani yanatetemeka, hapakuwa na haja ya kuulizana nani ataiendesha. Alikuwa mfupi, Merv akamchongea vipande vya kuongeza kwenye pedali ili miguu ifike. Akairusha kwenye maonyesho kila mwaka, huku na kule, na watu wakamzoea, yule mama mfupi wa Murrawee mwenye ndege inayopiga kelele kuliko zote.

Ajali ilitokea nyumbani, kwenye onyesho la Pasaka. Ros alikuwa anapita chini chini juu ya njia ya kurukia, watu wanapunga mikono, injini ikakohoa. Ikakohoa tena, ikanyamaza. Merv alikuwa amesimama kwenye uzio na kikombe cha chai mkononi. Aliona pua ya ndege ikiinuka kutafuta kimo. Aliona inavyoelekea ule uwanja wa magari, ambako familia zilikuwa zimetandaza mablanketi na vikapu vyao, kisha akaona inakata kushoto, kwa nguvu, kuwakwepa. Bawa likalala. Hakukuwa na kimo cha kulinyanyua tena. Ikaanguka kwenye mabua ya shamba la Barry Klemke, na moshi ukapanda moja kwa moja kwa sababu siku ile hapakuwa na upepo hata kidogo.

Glenys alikuwa kwenye hema la akina mama, akiuza skonzi. Yeye hakuona kitu. Alisikia injini inakatika, akaweka kisu chini.

Wachunguzi walichukua mabaki, wakakaa nayo, wakaandika kwamba injini ilipoteza nguvu na chanzo hakikuweza kubainika, kwa kuwa moto ulikuwa umeharibu sehemu nyingi. Kisha wakayarudisha, kwani mali ni ya mwenyewe.

Wiki ile ile ndege iliporudi, Barry Klemke alikuja. Alikuwa mwenyekiti wa klabu ya ndege, mtu mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, na rafiki wa Merv tangu ujana wao. Alikaa jikoni, akazungusha kofia mikononi kwa muda mrefu kuliko kawaida yake.

“Merv, tumekaa tukaongea pale klabu,” alisema. “Tunataka kuijenga tena. Kwa ajili ya Ros. Kila mtu yuko tayari kusaidia. Kila mtu, bwana. Hata wale wa mji wa Horsham wasiopenda kutoa hata salamu.”

Merv aliangalia meza. Glenys ndiye aliyejibu, huku akimimina chai.

“Na ataiendesha nani, Barry? Wewe?”

“Mimi? Na tumbo hili? Labda mnifunge juu ya bawa.” Akacheka peke yake, kisha aibu ikamshika mpaka masikio yakawa mekundu. “Nisamehe, Glenys.”

“Si kitu. Nakuuliza kweli. Yule mtoto wa Queensland alifia ndani yake. Wangu amefia ndani yake. Mnatafuta wa tatu?”

“Ros angetaka iruke.”

“Ros angetaka kula chakula cha mchana leo,” Glenys alisema. “Angetaka aje hapa akuambie umeongezeka unene. Usiniambie Ros angetaka nini.”

Barry alikunywa chai ikiwa bado inachoma, akaaga. Mlango ulipofungwa wale wawili walibaki wamekaa, sahani ya biskuti kati yao haijaguswa.

“Sijasema nitaijenga,” Merv alisema.

“Hukusema hutaijenga.”

Kweli hakusema. Na kesho yake akaingia bandani. Alijiambia anapanga panga tu, maana lundo lile lilimuumiza macho. Akatenga vya mkia huku, vya bawa kule. Kisha akaishusha injini kwenye meza ya kazi na kuanza kuifungua. Mikono yake ilikuwa imezeeka lakini haikuwa imesahau. Alilowesha nati zilizoungua, akazisubiri, akazibembeleza kwa spana. Kila kilichotoka alikisafisha kwa mafuta ya taa, akakikagua kwa kioo cha kukuzia, akakilaza juu ya kitambaa cheupe. Kukicha alikuwa bandani kabla ya kunguru hawajaanza kupiga kelele kwenye mikaratusi, na Glenys alipeleka chakula mpaka mlangoni, akakiacha juu ya pipa, akarudi.

Siku moja hakurudi. Aliingia. Tangu ndege irudishwe alikuwa hajakanyaga mle ndani. Alitembea polepole kati ya safu za vyuma, pistoni, mabomba, valvu, vyote vimepangwa kama vyombo vya hospitali, akaona kwamba vile vitambaa vyeupe ni mashuka yake.

“Wewe hujengi,” alisema. “Unatafuta.”

“Natafuta nini?”

“Kosa lako.”

Merv aliendelea kufuta kile alichokuwa anakifuta.

“Na ukilipata, Merv?”

“Nitajua.”

“Na usipolipata?”

Merv alichovya kitambaa kwenye mafuta ya taa. Glenys alinyoosha mkono, akauweka begani kwake, akauacha hapo kidogo. Mwisho wa wiki alifunga sanduku na kwenda Portland kwa dada yake, karibu na bahari. Hapakuwa na ugomvi. Alimwambia wakiwa wamesimama kando ya gari: “Sikuachi, usije ukawaambia watu nimekuacha. Ila nyundo hiyo siwezi kuisikia tena. Kila ukigonga nasikia kama yuko mle ndani.”

“Nitaacha.”

“Huwezi,” Glenys alisema bila hasira, akawasha gari.

Majira yote ya baridi Merv alitafuta. Ngano ikachipua, ikawa kijani mpaka kwenye uzio wa nyumba, naye hakuiona. Alikuwa anatafuta nati moja ambayo hakuikaza, mpira mmoja alioukata vibaya, waya uliochubuka mahali ambapo yeye, kwa mikono yake, aliupitisha. Usiku alilala akiomba akipate kitu hicho. Angekishika mkononi, angempelekea Glenys kule Portland na kumwambia, ni hiki hapa, ni mimi. Angekuwa na kitu cha kubeba. Lakini kila bolti aliyoigeuza ilikuwa imevunjwa na anguko, kwa jinsi bolti isiyo na kasoro inavyovunjika. Mabomba yalikuwa yamekazwa sawasawa. Kilichobaki kilikuwa pampu ya mafuta, na pampu ya mafuta ilikuwa imeyeyuka na kuwa donge. Alilikata lile donge kwa msumeno mwembamba, mpaka katikati. Ndani mlikuwa na chuma tu.

Barry alimkuta ameketi juu ya ndoo, vipande viwili vya donge mapajani.

“Vipi?”

“Hakuna.”

“Hakuna kabisa?”

“Hakuna kitu, Barry. Nimefika mwisho wake.”

“Basi si wewe.” Barry alichuchumaa kwa shida, magoti yakilia. “Si ni habari njema hiyo? Labda mafuta yalikuwa na maji. Labda ni ndege.”

“Ndege gani?”

“Ndege, bwana. Wa manyoya. Aliingia kwenye mdomo wa hewa.”

“Hapakuwa na manyoya.”

“Yaliungua.”

“Kila kitu kiliungua,” Merv alisema. “Ndiyo maana kila mtu anaweza kuniambia chochote.”

Hapo sasa hakuwa na la kufanya, na mtu aliyefanya kazi maisha yake yote hajui kukaa. Kwa hiyo akaanza kujenga. Hakumwambia Glenys, kwenye simu walizungumzia mvua na goti la dada yake. Alichagua mkia kwa sababu ulikuwa haujaharibika sana. Barry akaja kumsaidia, akajaza habari mji mzima kwamba kazi imeanza. Walinyoosha mbavu mbili, wakakata bati jipya, wakalishikiza. Barry akasukuma mwili wake kwa nyuma, mkono tu ndio ulioenea ndani, na chuma cha kukandamizia kwenye ngumi yake. Merv akaweka ribiti ya kwanza, akapiga.

Kutoka ndani ikagongwa mara moja. Imekaa vizuri.

Hakuna fundi asiyejua ishara hiyo, wala Barry hakuwa na nia nyingine. Lakini Merv alibaki ameshika nyundo hewani. Aliweka ribiti ya pili. Akapiga. Ikagongwa mara moja. Akaegemeza paji la uso kwenye bati, na bati lilikuwa la baridi, akabaki hivyo mpaka Barry akauliza, “Unaendelea au mkono wangu ukatiwe humu?”

“Toa mkono, Barry.”

“Kuna nini?”

“Toa tu mkono. Nenda nyumbani.”

Barry alitoka upande wa pili, akamwona uso wake, akazima taa za kazi mwenyewe. Ribiti zile mbili ndizo zilizokuwa za mwisho Merv kupiga maishani mwake.

Klabu nayo haikuweza kuacha jambo lililoshaanza kusemwa. Wakamleta Stuart Pascoe, mtu wa Brisbane ambaye kazi yake ni kufufua ndege za zamani kwa ajili ya matajiri. Alikuwa mtu mstaarabu, mwembamba, mwenye mazoea ya kunong'ona akiwa karibu na mabaki. Alizunguka banda zima na tochi. Mwishoni akasimama mbele ya Merv.

“Nikwambie ukweli, mzee Tregear?”

“Nambie.”

“Hapa kuna bamba la namba ya kiwandani, na ni halali. Kuna bawaba mbili za mkia. Gurudumu la nyuma, labda. Vingine vyote nitavitengeneza upya.”

“Kisha utasema ni ndege gani?”

“Ni hii hii. Kisheria ni hii hii. Bamba ndilo ndege.”

Merv alifikiria. “Na ile niliyoijenga mimi ilikuwa ipi?”

“Hii hii.”

“Na ya yule kijana wa kinamasini?”

“Hii hii, mzee.”

“Na ikianguka tena?”

Pascoe alisita, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya. “Bamba huwa linasalimika,” alisema.

Jioni ile Merv alimpigia Glenys akamweleza yote. Alitarajia atamfokea. Karibu alitaka kufokewa.

“Wape,” Glenys alisema.

“Ulisema hutaki wa tatu.”

“Nilisema. Wakati ule nilidhani kuna kitu ninachoweza kukizuia.” Nyuma yake redio ilikuwa inasoma hali ya bahari. “Ukiiponda, hatarudi. Ukiijenga, hatarudi. Wape, Merv, nimechoka kuifikiria.”

Akawapa. Pascoe alichukua vyake vikaenea kwenye gari dogo, na nafasi ikabaki. Yale mabati yaliyokunjamana ya katikati hakuyataka. Hakuna aliyeyataka. Mnunuzi wa vyuma chakavu alipita akiuliza, Merv akamfukuza. Barry akajitolea kuchimba shimo kwa trekta pale shambani kwake, mahali penyewe, na kupanda mti. Merv akasema atafikiria. Aliyafunika kwa shuka. Siku ya kwanza alikusudia kuyafungua ayachambue, atoe angalau vile vipande vya pedali alivyomchongea. Alinyanyua bati moja, akaona ukosi wa koti la Ros, rangi ya kahawia, akalirudisha lile bati polepole kama mtu anayemfunika aliyelala, na tangu siku hiyo hakugusa tena.

Kittyhawk iliruka tena mwaka wa tatu baada ya ajali. Onyesho lilikuwa mbali, kaskazini huko, na Barry akaendesha njia nzima akizungumza. Pale uwanjani palikuwa na jua, bendera, watoto mabegani mwa baba zao, harufu ya vitunguu vinavyokaangwa. Mtangazaji alisema kwenye kipaza sauti kwamba hii ndiyo ndege iliyokufa mara mbili na kufufuka mara mbili. Watu walipiga makofi. Jina la Ros lilitajwa, wakalitamka vibaya.

Rubani mpya alikuwa kijana mrefu, mwenye meno meupe, mpole. Alipoambiwa yule mzee ni nani alimjia mbio.

“Mzee Tregear! Ni heshima kubwa kwangu. Karibu, iguse. Ipande ukitaka.”

Merv alizunguka ndege. Alipitisha kiganja kwenye bawa, kwenye mlango wa injini, kwenye mkia. Ribiti zilikuwa zimenyooka kama zimechapwa na mashine, na kwa kweli zilikuwa zimechapwa na mashine. Alitafuta kwa vidole ule mpindo mdogo chini ya mkia, mahali ambapo Ros, bado mtoto, aliwahi kuteleza na chuma akaacha alama, nao wakakubaliana kuuficha kwa rangi. Palikuwa laini. Pote palikuwa laini.

“Kazi nzuri,” alisema.

“Una neno lolote la kunipa? Wewe uliyeijua?”

Merv alimtazama yule kijana, shingo yake, jinsi alivyokuwa mzima. Alikuwa na mengi ya kumwambia, lakini yote yalikuwa neno moja, usipande, na alijua halitasikilizwa, na kama lingesikilizwa angepatikana mwingine.

“Mama yako yupo hapa?” aliuliza.

“Hapana,” kijana alicheka. “Hawezi kutazama. Anasubiri simu.”

“Ukishatua tu, mpigie. Kabla hujavua kofia.”

Ndege ilipopaa watu wote waliinua nyuso. Merv aliipa mgongo, akakaa chini kwenye nyasi nyuma ya kibanda cha pai, mikono katikati ya magoti. Akasikiliza. Ule mngurumo ulikuwa mzuri, hauna kasoro, na ndio uliomtisha zaidi, maana wa Ros nao haukuwa na kasoro. Ulipita, ukapita tena. Barry alimkuta hapo makofi yalipokwisha.

“Imetua, Merv. Imetua kama unyoya.”

“Nimesikia.”

Njiani walisimama kituo cha mafuta. Barry akaingia kununua chakula, na Merv akapiga simu Portland, amesimama kando ya pampu ya hewa, malori yakipita.

“Imeruka?” Glenys aliuliza.

“Imeruka.”

“Imeshuka?”

“Imeshuka. Glenys, si yeye. Nimeigusa yote. Hamna kitu chetu mle.”

“Nilijua.”

“Utarudi?”

Alisikia anavuta pumzi, akasikia na kiti kikisogezwa.

“Sijui, Merv. Kile chumba chake nikirudi nitakifanya nini? Kila siku najiuliza hilo, sipati jibu.” Kisha akauliza: “Umekula?”

“Barry ananunua.”

“Kula basi,” alisema, na wote wawili wakabaki wameshika simu, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukata.